Mkonge kuchukua nafasi ya faiba kwenye boti: kipande changu kimelainika baharini, nimekosea wapi?

#1 MvuviMkinga
Wakuu, salaam. Nina boti ya uvuvi ya futi 23, ubavu wa kushoto unataka kurudiwa. Mati ya faiba, yaani mikeka ya nyuzi za kioo, huku kwetu bei imepanda, na mkonge umetuzunguka kila upande. Nikasema nijaribu kabla sijagusa boti.

Nilitengeneza vibao viwili, kila kimoja sentimita 30 kwa 60. Cha kwanza mati ya kioo ya 450 (gramu kwa mita mraba), tabaka tatu. Cha pili singa (nyuzi) za mkonge nilizozikata urefu wa kidole na kuzitandaza ovyo ovyo. Resini (gundi ya maji inayoganda) ile ile ya poliesta, hadna (dawa ya kuigandisha) ile ile, asubuhi moja. Vilipokauka nikavikata kwa msumeno, nikavilaza juu ya matofali mawili nikasimama juu yake. Cha faiba kilipinda kidogo, cha mkonge hakikutikisika. Nikafurahi sana.

Nikavifunga kwenye nguzo ya gati wiki tatu. Jana nimevitoa. Cha faiba kiko vile vile. Cha mkonge kingo zimevimba, rangi imekuwa ya maziwa, na nikikibonyeza kwa kiganja kinakubali. Je, mkonge haufai, au mimi ndiye niliyekosea?

#2 Singa62
Mkonge unafaa mkuu, usiukatie tamaa. Nimezaliwa kwenye kambi ya mkonge, baba alikuwa kwenye korona (kiwanda cha kuchakata mkonge) miaka mingi. Singa ya mkonge ina nguvu kuliko chuma. Tatizo litakuwa resini yako.

#3 FundiFaiba_Likoni
@Singa62 hapo kwenye chuma umepitiliza ndugu yangu. Singa nzuri ikivutwa inakatika kwenye megapaskali (kipimo cha nguvu ya kuvuta) 400 hadi 700. Chuma cha kawaida cha nondo kiko humo humo. Unaloweza kudai ni kwamba mkonge ni mwepesi: uzito wake ni kama 1.45 ukilinganisha na maji, chuma 7.8, kioo 2.55. Kwa kilo moja mkonge unamshinda nondo. Lakini uzi wa kioo ukiwa mpya unavuka 3,000. Hapo mkonge haufiki.

@MvuviMkinga nipe unene wa kila kibao, na resini uliyotumia kwa kila kimoja. Bila hizo namba tunapiga ramli.

#4 MvuviMkinga
Faiba unene milimita 3. Mkonge karibu 7. Faiba ilikunywa resini nusu kilo na ushee. Mkonge ulikunywa kilo 1 na gramu 300. Singa zenyewe zilikuwa gramu 250, mati ya kioo nayo karibu hivyo hivyo.

#5 FundiFaiba_Likoni
Basi jibu la nusu ya swali lako hilo hapo. Kibao hakikupinda kwa sababu ni kinene, si kwa sababu ya mkonge. Ukakamavu wa kibao kikilazwa hivyo unakwenda kwa unene mara unene mara unene. Saba gawa kwa tatu, zidisha mara tatu yenyewe kwa yenyewe, unapata 12 na kitu. Hata resini tupu ya unene huo ingekubeba, mpaka siku ya kishindo cha kwanza.

La pili, umeokoa pesa ya mati ukaimwaga kwenye resini. Singa hazilali. Zinatuna kama godoro, na kila nafasi katikati inajazwa resini. Piga hesabu tena, uniambie ni ipi iliyo rahisi.

#6 Dada_Maabara
Natia neno. Nimesoma vifaa vya uhandisi, na polima (plastiki na resini) zilizotiwa nyuzi ndizo nilizofanyia kazi. Naona hapa wengi tunahesabu nguvu ya uzi peke yake. Uzi ndani ya resini haubebi mzigo mpaka resini iukabidhi, na unakabidhiwa pale kwenye ngozi ya uzi, mahali viwili hivi vinapogusana. Pakiwa hapashiki, uzi wenye nguvu ya ajabu unachomoka tu.

Uzi wa kioo unatoka kiwandani umeshapakwa dawa ya silani. Upande mmoja wa dawa hiyo unashika kioo, upande wa pili unashikamana na resini. Mkonge wako umetoka shambani na nta yake, na asili yake unapenda maji. Resini ya poliesta inayakimbia maji. Umevikutanisha viwili visivyotakana.

Jaribu hivi: vunja kona ya kibao cha mkonge kwa mkono, piga picha kwa karibu pale palipovunjika, utuwekee.

#7 Gereji_Tandale
Mkuu, ulitia chokaa au poda kwenye resini? Sisi kwenye bodifila (ile putii ya bodi za magari) poda imejaa, ndiyo maana ikigongwa inabanduka kipande kizima. Poda inaua.

#8 MvuviMkinga
Sikutia kitu. @Dada_Maabara nimevunja. Picha hiyo hapo. Singa zimetoka zimesimama kama nywele za mswaki, urefu wa milimita tano hadi kumi, safi kabisa, hazina hata chembe ya resini. Upande wa pili vimebaki vitundu vitupu.

#9 Dada_Maabara
Ndicho nilichotaka kuona. Singa safi na vitundu vitupu: hazikushikwa. Zingeshikwa vizuri zingekatikia pale pale usoni, zikiwa na resini mwilini.

#10 Mwl_Kange
Dada, nakubali picha ila sikubali hukumu. Kibao hiki kimevunjwa baada ya wiki tatu za maji. Singa ikinywa maji inanenepa, inasukuma resini pembeni. Ikikauka inasinyaa, inaacha uwazi. Kwa hiyo huenda siku ya kwanza zilishikwa, maji ndiyo yaliyozibandua. Picha ya leo haiwezi kutuambia lipi lilitangulia. Angevunja kona kabla ya kuzamisha, tungejua.

Na kuna jambo la kingo. Mkuu alikata kibao kwa msumeno akakiacha hivyo. Kila singa iliyokatwa imekuwa mrija, kwa sababu singa ina matundu ndani yake kama bua. Maji hayakupita usoni, yamepita kingoni. Ndiyo maana anasema kingo ndizo zilizovimba.

#11 Singa62
Ahsante mwalimu, hata mimi nilikuwa naona mkonge unaonewa.

Kwa wasiojua historia: mkonge uliletwa huku na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, iliyofika hai ni 62. Ndiyo 62 ya jina langu. Kutokana na hiyo, mwaka 1964 Tanzania ilikuwa inatoa tani 230,000 hivi kwa mwaka. Nao watafiti wa kituo cha mkonge cha Mlingano, Muheza, walizalisha mbegu chotara ya 11648 ambayo imepandwa hadi nje. Leo tunauza singa ghafi, halafu tunanunua mati ya kioo. Hilo linaniuma kweli kweli. Kwa hiyo swali la huyu mkuu si dogo.

#12 KandoYaMatrah
Salaam kutoka Muscat. Huku wavuvi wengi wameshahamia boti za faiba siku nyingi, nami natengeneza. Mimi sioni sababu ya kwenda mbali. Ulisema ulitandaza singa asubuhi. Zilikuwa zimekaushwa vipi? Singa iliyokaa hewani tu inabeba maji zaidi ya sehemu 10 kwa 100 ya uzito wake, hata ukiishika ukaiona kavu. Maji hayo yanaizuia poliesta isiive. Resini isiyoiva inalainika baharini bila msaada wa mkonge wala wa mtu.

Inusishe. Ikiwa bado ina harufu kali ya resini mwezi mzima baadaye, haikuiva. Au pitisha kitambaa chenye asetoni, ukiona inanata umepata jibu.

#13 MvuviMkinga
Nilizianika juani kutwa nzima, nikazilaza ndani, kesho yake asubuhi nikafanya kazi. Harufu ipo, ila si kali. Asetoni sina, nitatafuta.

#14 KandoYaMatrah
Ukazilaza ndani, usiku wa pwani. Zilikunywa unyevu wote tena shekhe wangu. Zinatakiwa zitoke kwenye joto ziingie kwenye resini moja kwa moja.

#15 Gereji_Tandale
Bado nasema wanaotia poda ndio wanaotuharibia. Angalieni viti vya plastiki. Vya zamani unakaa na mjukuu wako juu. Vya leo ukiegemea mguu unakatika. Wanatia chokaa, basi.

#16 Dada_Maabara
Hapo kuna ukweli na kuna kuonea. Chokaa kwenye plastiki ya polipropilini inaongeza ukakamavu, inapunguza kusinyaa kiti kinapopoa kwenye umbo, na inashusha bei. Inachopunguza ni kunyumbuka: plastiki tupu inavutika sana kabla ya kukatika, yenye chokaa nyingi inakatika mapema. Chembe zikiwa ndogo sana na zimepakwa dawa, hasara ni ndogo. Zikiwa kubwa na zimegandamana madonge, kila donge ni mwanzo wa ufa.

Unaweza kupima nyumbani. Polipropilini tupu ina uzito wa 0.9, inaelea. Chokaa ni 2.7. Chokaa ikivuka kama sehemu 15 kwa 100 ya uzito, kipande kinazama. Kata kipande cha mguu uliovunjika, tia kwenye ndoo.

#17 Mama_Kibarazani
Nimefanya sasa hivi. Kipande cha mguu wa kiti kilichovunjika kimezama kama jiwe. Kipande cha beseni la zamani kimeelea. Nimeshangaa jamani!

#18 Mwl_Kange
Mama, kiti hicho kilikaa wapi?

#19 Mama_Kibarazani
Nje, barazani, mwaka wa tatu huu. Beseni linakaa ndani.

#20 Mwl_Kange
Basi na jua nalo lina kesi ya kujibu. Polipropilini bila kinga inaliwa na jua, inapauka na kuota nyufa ndogo ndogo kama ngozi ya kisigino, iwe na chokaa au isiwe nayo. Matanki ya maji meusi yanadumu kwa sababu yametiwa masizi ya kaboni, sehemu 2 hadi 3 kwa 100 tu, yanayozuia mwale. Hiyo nayo ni poda, na inaokoa.

@Gereji_Tandale tairi unazobadilisha kila siku zingekuwa na rangi ya krimu kama si masizi hayo hayo. Ndani ya tairi yanakaribia robo ya uzito. Yakiondolewa, mpira unaisha barabarani haraka ajabu. Chembe ndogo sana, na zinashikana vizuri na mpira. Kwa hiyo usiseme poda inaua. Uliza ni poda gani, ndogo kiasi gani, na imeshikwaje.

#21 Gereji_Tandale
Kwenye tairi nimekubali, sikujua. Ngoja niwape yangu basi. Angalieni tanki la plastiki la juu ya rejeta, mengi yamegongwa muhuri PA66-GF30. Miaka yote nauona, nikauliza, nikaambiwa GF30 ni nyuzi za kioo sehemu 30 kwa 100. Mnisaidie: nyuzi fupi kama vumbi zinasaidia nini pale?

#22 Dada_Maabara
Swali zuri sana. PA66 ni naloni. Naloni tupu ya aina hiyo ikibebeshwa mzigo inaanza kukunjika kwenye nyuzi joto 80 hivi. Ikitiwa kioo sehemu 30, inahimili hadi karibu 250. Nyuzi ni fupi kuliko milimita moja, lakini ni nyingi na zimeshikwa vizuri, zinafanya kama mifupa wakati nyama inalainika.

Chunguza pia zinapopasuka. Mara nyingi ni kwenye mstari ambapo mikondo miwili ya plastiki ilikutana ndani ya umbo. Nyuzi zinafuata mkondo, kwa hiyo pale zimelala sambamba na mshono, hazikuvuka upande wa pili. Ni mshono wa resini bila uzi.

#23 Gereji_Tandale
Kweli kabisa, nyufa zangu nyingi ziko mahali pamoja. Ubarikiwe dada.

#24 MzeeKalafati_Amu
Assalamu alaykum vijana. Nimesoma mjadala wote. Sisi tumejenga vyombo kabla ya faiba, na jambo hili mnaloliita jipya tunalo. Kalafati ni nini? Pamba iliyosokotwa na kulowekwa mafuta, ikashindiliwa kati ya mbao. Pamba peke yake inapitisha maji, mafuta peke yake yanaoshwa. Na mtepe, chombo cha zamani, ulishonwa kwa kamba za kumbi la nazi, hauna msumari hata mmoja, ukipigwa na wimbi unanyumbuka. Kumbi haliogopi bahari. Mbona hamkumshauri mwenzenu atumie kumbi badala ya mkonge?

#25 FundiFaiba_Likoni
Shikamoo mzee wangu. Kumbi ni hodari wa maji, sibishi. Lakini linavutika sana kabla ya kukatika, na ukakamavu wake ni mdogo kuliko wa mkonge. Kwa kamba hiyo ndiyo sifa. Ndani ya resini inakuwa kinyume: resini inapasuka kabla kumbi halijaanza kubeba mzigo. Uzi unatakiwa uwe mkakamavu kuliko kile kinachoushika.

#26 MzeeKalafati_Amu
Marahaba. Hapo umenifahamisha. Basi lile dau la plastiki lililojengwa hapa Amu (Lamu), Flipflopi, mita 9, likashushwa majini 2018 na mwaka uliofuata likenda mpaka Unguja, nalo lina nyuzi? Nililishika kwa mkono wangu, mbao zake nene sana, na limevikwa ndala nje.

#27 Dada_Maabara
Shikamoo mzee. Plastiki iliyorejelewa ikiwa tupu ina ukakamavu mdogo mno ukilinganisha na mbao, na ukiiacha na mzigo inaendelea kupinda polepole mwezi hadi mwezi. Njia mojawapo ya kufidia hilo ni unene. Ukiona mbao nene namna hiyo, unene ndio unaofanya kazi ambayo nyuzi zingefanya.

#28 Juma_Resini
Turudini kwa mkuu. Mimi nilifuata njia ya magadi makali, sodaksi tunayopikia sabuni. Wanasema uloweke mkonge kwenye maji yenye sehemu 5 kwa 100 ya magadi hayo, saa chache, uoshe, utie siki kidogo kumaliza ukali, ukaushe. Nta inatoka, singa inakuwa na mikwaruzo ya kushikia. Mara ya kwanza nilipata kibao kizuri. Mara ya pili nikaongeza dawa na kuacha usiku kucha, singa zikawa zinakatika kama tambi kavu. Resini ilizishika vizuri sana, lakini nguvu haikuwepo tena.

Na vaeni glavu na miwani. Sodaksi inachoma, na hadna ikiruka jichoni ni hatari ya upofu.

#29 KandoYaMatrah
Naongezea: wanaonunua resini isiyotiwa kobalti (dawa ya kuharakisha kuganda), msichanganye kobalti na hadna moja kwa moja. Vinalipuka. Kimoja kikoroge kwenye resini kwanza, ndipo utie cha pili.

#30 FundiFaiba_Likoni
Swali kwa Dada. Kama tukizifanya singa zishikwe kabisa kabisa, hatutapata kibao kinachopasuka kama kioo cha dirisha? Boti yangu moja iligonga jiwe, ubavu ukafanya weupe na kuchanika nyuzi, lakini haukutoboka. Naamini kule kuchomoka kwa nyuzi ndiko kulikokula kishindo.

#31 Dada_Maabara
Uko sahihi, na ndipo ugumu wa kazi hii ulipo. Uzi unaochomoka kwa shida unakula kishindo kingi. Unaochomoka bure hauli kitu. Usiochomoka kabisa unauacha ufa upite moja kwa moja. Wanaotengeneza dawa ya kupaka kioo wanatafuta hapo katikati. Kwa mkonge katikati hapo hapajatulia, kwa sababu kila shamba na kila korona singa zake zina tabia yake.

#32 Singa62
Na je, mkuu akizipanga singa badala ya kuzimwaga ovyo? Singa ndefu, zimelala upande mmoja.

#33 Mwl_Kange
Hilo peke yake linabadilisha mengi. Zikitawanywa pande zote, kwa upande wowote mmoja unapata ukakamavu kama wa theluthi na ushee wa ule ambao ungeupata zikilala sawa. Pia singa zilizolala zinabanana, resini inapungua, kibao kinakuwa chembamba. Hasara yake ni kwamba ukivuta kwa ubavu kinachanika kama bua, kwa hiyo tabaka la pili lilazwe kuvuka la kwanza. Urefu wa kidole alioutumia unatosha, sioni kosa hapo. Kosa ni mpangilio.

#34 Dada_Maabara
Mwalimu, mpangilio haulainishi kibao ndani ya wiki tatu. Kilikuwa kigumu, kikalainika. Hapo ni maji na mshiko.

#35 KandoYaMatrah
Au resini mbichi.

#36 FundiFaiba_Likoni
Mkuu, mimi nakushauri kama fundi. Chini ya mstari wa maji weka kioo, na jelikoti (tabaka la nje la resini la kukinga maji) juu yake, bila mjadala. Mkonge utumie ndani: sakafu, viti, kifuniko cha injini. Ukitaka kuuweka ubavuni, uwe katikati, kioo nje na kioo ndani, na kila ukingo uzibwe kwa resini. Tundu lolote la bolti nalo lizibwe.

#37 MvuviMkinga
Nawashukuru wote. Ubavu wa boti nitaurudia kwa kioo, siwezi kuhatarisha vijana wangu baharini. Ila sijaacha. Natengeneza vibao vinne vya mkonge, vyote singa ndefu zilizopangwa. Cha kwanza singa zimekaushwa kwenye joto na kuingia moja kwa moja. Cha pili vile vile, na kingo zimezibwa. Cha tatu singa zilizolowekwa sodaksi kwa kipimo cha @Juma_Resini, mara ya kwanza. Cha nne kioo nje, mkonge katikati. Kona ya kila kimoja naivunja kabla ya kuzamisha, kama mwalimu alivyosema. Nguzo ile ile ya gati.

#38 Mwl_Kange
Nguzoni mawimbi yatavisugua na chaza watavishika, hutajua kilicholainisha ni maji au ni kusuguliwa. Tumia ndoo ya maji ya bahari.

#39 MzeeKalafati_Amu
Boti haiendi kwenye ndoo, mwalimu. Mwache atumie nguzo.

#40 MvuviMkinga
Basi kila kibao nitakikata nusu mbili. Nusu ndoo, nusu nguzo.

#41 Dada_Maabara
Ukishakata ziba ukingo mpya wa kile cha pili, usisahau. Na kila nusu ipime uzito kwa gramu kabla haijaingia majini.

#42 MvuviMkinga
Mizani naazima kwa jirani anayeuza karafuu. Jumamosi naanza.